Dirisha la Yakuti

Siku hizi Mama Ukungu anaishi kwa binti yake, chumba cha nyuma, na dirisha lake linatazama kamba ya nguo za jirani. Ukienda kumtembelea usidhani utaondoka kabla hujasikia habari za chungu. Si chungu cha kupikia. Wajukuu wake wamezikariri habari hizo, na mkwewe akisikia tu "Enzi zetu kule maabara" hukumbuka ghafla kwamba kuna kitu alisahau kununua dukani. Hasara ni yake. Watu wengi wamefanya kazi maisha yao yote wasiwe na hata hadithi moja ya maana, na huyu mama anazo za kugawa bure.

Chungu chenyewe kilikuwa pande la chuma cha pua, zito kuliko mtu mzima, limetobolewa katikati uwazi usiozidi bilauri moja. Humo ndani waliingiza hewa ukaa, ileile inayoipa soda mapovu, wakaibana na kuipasha moto kidogo mpaka ikafika mahali ambapo huwezi tena kuiita hewa wala huwezi kuiita kimiminika. Inapenya kama hewa, inayeyusha vitu kama mafuta ya taa. Wasomi waliipa jina refu la kukwaza ulimi. Mama Ukungu aliiita "kile kitu cha katikati", na pale maabara hakuna aliyeshindwa kumwelewa.

Tabu ya kitu cha katikati ilikuwa moja: hakitaki maji. Ukitia tone, linajikalia chini peke yake kama mgeni asiyealikwa. Nao wakubwa walitaka maji yaingie kwa vyovyote, kwa sababu ukifaulu kuyaingiza unaweza kufua nguo, kutia kitambaa rangi na kuosha vipuri bila zile dawa kali zinazoumiza vifua vya wafanyakazi. Kwa hiyo walitafuta sabuni. Si sabuni ya kipande, bali ya aina yake, yenye kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda hewa ukaa. Ikipatikana inayofaa, vichwa vinayazunguka maji, mikia inabaki nje, na lile tone linagawanyika vijitone vidogo mno, vidogo hata mwanga unapita katikati yake bila kujikwaa. Ukichungulia unaona kumetakata, kana kwamba hamna maji kabisa. Ukilegeza presha pole pole, vijitone vinaanza kushikamana, na ghafla unaingia ukungu. Hapo ulipoingia ukungu ndipo unapoijua sabuni. Ikivumilia mpaka presha ya chini, sabuni hiyo ni dhahabu. Ikitia ukungu mapema, mimina, anza upya.

Na mtu wa kuuona huo ukungu alikuwa yeye. Ndiyo asili ya jina.

Chungu kilikuwa na kidirisha cha mviringo, upana wa sarafu kubwa, cha yakuti safi, jiwe gumu lisilo na rangi, kwa kuwa kioo cha kawaida kingepasuka kwa presha ile na kumtoa mtu roho. Hata hivyo hakuna aliyekaa mbele yake. Kilitegwa kioo cha kujitazamia pembeni, na Mama Ukungu alikaa kwenye kiti kirefu cha mbao akitazama dirisha kupitia kioo hicho. Upande wa pili, nyuma ya ukuta wa chuma uliofika kifuani mwa mtu mrefu na kuzidi, alisimama fundi wa pampu akizungusha gurudumu la kupandisha na kushusha presha, macho kwenye geji. Profesa, mwenye maabara, alikuwa na sheria yake ambayo hakuna aliyethubutu kuichezea: anayetazama dirisha hajui namba, na anayejua namba hatazami dirisha. Alisema binadamu akijua jibu linalotakiwa, macho yake yanakuwa na adabu mbaya. Jaribio likianza, maneno yaliyoruhusiwa chumbani yalikuwa mawili tu. "Safi," anasema wa dirishani. "Ukungu!" anasema tena, na wa geji anataja namba. Basi.

Sasa wewe fikiria msichana aliyetoka chuo cha ufundi juzi, na kijana aliyetoka kiwanda cha soda na mabega yake mapana, wamefungiwa chumba kimoja mchana kutwa, ukuta wa chuma katikati, na ruhusa ya maneno mawili. Yule kijana alimchumbia kwa namba. Wengine wakipeleka maua, yeye alitaja presha kwa sauti nzito yenye madaha, akiivuta silabi ya mwisho mpaka Profesa akainua kichwa na kuuliza kama geji ina kasoro. Msichana naye alijifunza kusema "safi" kwa namna nyingi. Ilikuwapo safi ya kazi, safi ya kununa, na safi ambayo ikisikika nyuma ya ukuta ilimfanya fundi wa pampu apoteze hesabu. Walipooana, wafanyakazi wote walikuja, na bwana harusi akatambulishwa kama Bwana Presha. Jina likamganda.

Mama Ukungu akikusimulia miaka ile, sauti inalainika. Anakumbuka mvumo wa mashine ya kupoza, uliowafanya nyumbani wazungumze kwa kelele bila kujua. Anakumbuka chai ya saa nne, vikombe vimepangwa kwenye ukingo wa dirisha, na chake kina alama ya rangi ya kucha ili wanaume wasikiguse. Jaribio likiisha walifungua vali, hewa ukaa ikatoka kwa mluzi, na kwenye mdomo wa bomba ikaganda theluji nyeupe kavu. Jumamosi moja walimleta binti yao akaishika, akalia, kisha akaomba tena. Hakukuwa na siku mbaya? Zilikuwapo tele. Lakini zile amezisahau, na ukimkumbusha anakuambia unamchokoza.

"Tulikuwa tunagombana asubuhi nyumbani," huwa anasema, "tukifika kazini hatuna ruhusa ya kugombana. Mpaka jioni umeshasahau ulikasirikia nini. Ndoa za siku hizi zinakosa ukuta wa chuma."

Watoto walikua, nywele zikaingia mvi, na ukungu ukaanza kuja bila kuitwa. Kwanza taa za barabarani zilimwotea nywele. Halafu maandishi ya gazeti yakaanza kuogelea. Alisafisha miwani, akabadilisha miwani, akailaumu miwani. Moyoni alijua. Mama yake mzazi alikuwa na mtoto wa jicho, akapasuliwa, na baada ya hapo hakuona tena hata mchana. Kwa hiyo Mama Ukungu aliliweka jambo hilo pale watu wanapoweka mambo wasiyotaka kuyafikiria, na kila asubuhi akapanda kiti chake kirefu.

Alichoogopa hakikuwa giza peke yake. Aliogopa kiti. Mtu wa dirishani asiyeona ni wa nini? Wangemtoa pale, wangemwambia asante, naye angebaki nyumbani mchana kutwa wakati mumewe yuko kule nyuma ya ukuta akimtajia namba mtu mwingine. Wazo hilo lilimtisha kuliko kisu cha daktari.

Ajabu ni kwamba kazi haikuharibika. Sabuni nyingi za siku hizo zilikuwa za zamani, zilizojulikana tabia zao, zikirudiwa tu kuhakikisha mtambo uko sawa. Na Mama Ukungu aligundua kwamba masikio yake yanaweza kusaidia. Gurudumu lilikuwa na mlio wake, kwi, kwi, kwi, na likikaribia mahali pa ukungu lilipunguza mwendo kidogo. Alingoja hapo, akasema "Ukungu!", na namba ikatajwa, na kila mtu akaridhika. Hakujiuliza kwa nini gurudumu linapunguza mwendo. Au tuseme alijiuliza, akajinyamazisha.

Kisha akaja Daktari. Alikuwa binti mdogo wa umri, mwenye shahada zake, mwembamba kama penseli, na sabuni yake mwenyewe aliyoitengeneza kwa miaka. Sabuni nzuri za zamani zilikuwa na mikia ya florini, ghali, na zikimwagwa hazikuoza milele. Daktari alitengeneza mkia wa kawaida wenye matawi mafupi mengi, kama fagio lililokatwa, akaamini utashika hewa ukaa vilevile. Profesa alimpa nafasi. Ikifaa, wataendelea nayo. Isipofaa, wanamimina, na yeye anafungasha.

Siku ya jaribio Mama Ukungu alikaa, akatazama kiooni, akaona weupe mchafu. Alikuwa akiuona weupe huohuo kila mahali, hata kwenye ukuta, hata kwenye sahani. Akatega sikio. Kwi, kwi, kwi. Gurudumu likaenda sawasawa, bila kupunguza, kwa sababu hii ilikuwa sabuni mpya, na hata aliyeshika gurudumu hakujua ukungu wake uko wapi. Jasho likamtoka. Kwi, kwi. Ndani ya kioo weupe ukaonekana kama umezidi, au haukuzidi, nani ajuaye.

"Ukungu!" akasema.

Nyuma ya ukuta gurudumu likasimama, kisha mumewe akataja namba. Ilikuwa ya juu sana. Sabuni mbaya kuliko zote walizowahi kujaribu.

Wakarudia, na tena wakarudia. Safari zote alisema kwa kubahatisha, akijitahidi kubahatisha mahali palepale ili asionekane anabahatisha, na hili ndilo jambo ambalo mpaka leo akilisimulia hukunja uso. Profesa akashukuru, akavua miwani, akamwambia Daktari kwa upole kwamba Jumatatu watasafisha mtambo. Jioni, Mama Ukungu alipokwenda kuosha vikombe, alimkuta yule binti kwenye sinki amefungulia maji yote ili kilio chake kisisikike. Akarudi kinyumenyume kwa miguu ya paka, vikombe mkononi bila kuoshwa.

Jumapili asubuhi walikuwa jikoni, mume na mke. Watoto walishakuwa na nyumba zao. Alimimina chai, nusu ikaingia kikombeni, nusu kwenye kitambaa cha meza.

"Mzee," akasema, "nikuulize kitu, usinifiche."

"Uliza."

"Huwa unapunguza mwendo?"

"Mwendo wa nini?"

"Usijifanye hujui. Gurudumu. Ukifika pale sabuni inapotia ukungu, unapunguza."

Mumewe akakoroga chai yake kwa muda mrefu. Hakuwa ametia sukari.

"Na wewe," akajibu mwisho, "huwa unangoja nipunguze ndipo useme."

Wakatazamana. Yaani yeye alimtazama mkewe, na mkewe aliona umbo la kichwa na mwanga wa mlango nyuma yake.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu ulipoliamkia koti la Profesa."

"Koti lipi?"

"Lilikuwa limetundikwa kwenye msumari. Ukaliambia, 'Habari za asubuhi, Profesa,' ukangoja likujibu."

Alitaka kukasirika, kicheko kikamshinda, wakacheka wote wawili mpaka kiti kikalia. Kisha kicheko kikageuka. Akajifuta uso kwa ncha ya khanga.

"Wakijua watanitoa pale," akasema.

"Watakutoa."

"Hutaki hata kunidanganya?"

"Nimekudanganya vya kutosha na lile gurudumu."

"Sasa mimi nitakwenda wapi, baba watoto? Miaka yote mimi na wewe tuko chumba kimoja. Nikae hapa nihesabu mabati?"

Mumewe alinyoosha mkono juu ya kitambaa kilicholowa akaushika wake. Kisha akasema, "Yule binti anafungasha kesho."

"Najua."

"Sabuni yake hatujui ikoje. Mimi nimetaja namba, wewe umetaja ukungu, na hakuna aliyeiona."

Mama Ukungu akakishikilia kikombe mpaka chai ikapoa. Halafu akapiga moyo konde. "Kesho tubadilishane," akasema. "Wewe kaa dirishani. Nitawaambia mwenyewe."

Akawaambia. Haikuwa hotuba. Alisimama mbele ya Profesa na Daktari, mikono ndani ya mifuko ya koti lake jeupe, akasema kwamba haoni, kwamba ana muda haoni, na kwamba zile namba za sabuni mpya si za sabuni, ni za macho yake. Mumewe akaongeza habari ya gurudumu. Profesa aliwakemea, tena kwa haki, kwa sababu majibu ya miezi mingi yalikuwa ya kutupwa. Daktari alikuwa ameshashika bomba la kujazia sabuni.

Hivyo Mama Ukungu akaenda nyuma ya ukuta wa chuma kwa mara ya kwanza jaribio likiendelea. Gurudumu lilikuwa zito kuliko alivyodhani, na mshikio wake umelika kwa umbo la kiganja cha mumewe. Profesa mwenyewe akasimama karibu yake kusoma geji. Wakapandisha presha hadi juu, kisha akaanza kuilegeza. Kwi, kwi. Akangoja neno.

Halikuja.

"Vipi huko?" Profesa akauliza, akivunja sheria yake mwenyewe.

"Ngoja kidogo," ikajibu sauti ya mumewe. Ilikuwa sauti ya mtu aliyesimama mlangoni pa nyumba ngeni. "Mama watoto, kumbe iko hivi?"

"Ikoje?"

"Kama maji ya chemchemi. Hamna kitu ndani. Hamna kitu kabisa, na maji yamo." Akakohoa, akakumbuka kazi. "Safi."

Akaendelea kuzungusha. Safi, ikasema sauti. Safi. Wakapita mahali pa sabuni za kawaida. Safi. Wakapita mahali pa zile za ghali, na Daktari akaanza kuuma kidole. Safi. Mikono ya Mama Ukungu ilikuwa inauma, na hakutaka kusimama. Ukungu ulipoingia hatimaye, mumewe hakuutangaza kwa nguvu. Aliusema kwa masikitiko kidogo, maana alikuwa bado anatazama. Profesa akasoma namba, akaisoma tena, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Daktari akamkumbatia Mama Ukungu kwa nguvu zote za mwili ule mwembamba.

Sabuni ilibaki. Kiti hakikubaki. Wiki hiyohiyo ikafungwa kamera mahali pake, na Mama Ukungu akapewa kazi ya kuosha vyombo vya kioo mwisho wa ukumbi, kwa kupapasa, mpaka siku yake ya hospitali. Mchana alisikia mvumo wa mtambo kwa mbali na namba zikitajwa, kavu, bila madaha. Kamera haina haja ya kubembelezwa. Alilia siku mbili tatu, akazoea, kama watu wanavyozoea.

Daktari wa macho alimpasua jicho la kwanza siku ya Jumanne. Kutwa nzima aliwaza macho ya mama yake mzazi. Kesho yake muuguzi akamketisha kwenye benchi la ukumbini, akambandua bandeji taratibu, akamwambia afungue.

Akafungua. Akaona misumari kwenye benchi. Akaona rangi ya ukuta, kijani, na pale ilipobanduka. Akaona mwanamume ameketi mbele yake, amevaa shati ambalo kola yake ingeweza kuingia shingo mbili, mashavu yameingia ndani, na weupe wa macho yake umegeuka manjano kama wa mgonjwa wa ini.

"Unaona?" yule mwanamume akauliza, kwa sauti ya mumewe.

Alimtazama mabega. Yale mabega ya kiwanda cha soda yalikuwa yamebaki kama kiango cha nguo.

"Hilo shati la nani?" akauliza.

"Langu."

"Lako?"

"Lilelile ulilonipigia pasi juzi."

Alilipiga pasi kwa mikono yake, kweli. Alikuwa amelala pembeni ya mtu huyu, amekula naye, amemshika mkono juu ya meza, na kila mara akili yake ilimchorea yule wa zamani mahali ambapo macho hayakufika.

"Tangu lini?" akasema.

"Muda kidogo."

"Na hukusema."

Mumewe akatazama viatu vyake. "Ulikuwa unaniona kama nilivyokuwa," akasema. "Nikapenda kubaki hivyo. Nilijua wakikupasua utaona, na nimekuleta mwenyewe, si nimekuleta?"

Alitaka kumpigia kelele. Alitaka kumpiga, pale pale, mbele ya wagonjwa. Akasimama, akaushika mkono wake, ukawa mfupa mtupu, akamwinua naye akainuka bila ubishi. Muuguzi akawakimbilia akisema mama, mama, hujaruhusiwa kutembea, jicho linataka kupumzika, rudi ukae.

"Foleni ya matumbo iko wapi?" Mama Ukungu akauliza.

"Mama, wewe umekuja kwa jicho."

"Si mimi," akasema. "Ni huyu."